Yahusu Nyumba ya Kupangisha na Mtumishi Akaribiaye Kustaafu

Kwa miezi kadhaa sasa, kila tukutanapo baada ya kazi, twasikia swali moja likirudiwa na wenzetu wanaokaribia umri wa miaka 60: Je, nyumba ile ya vyumba sita niliyoijenga Kinondoni, ama Temeke, niiuze nipate fedha ya kurudia nyumbani, ama niiache wapangaji waendelee kunilipa? Wengi wamekwisha kuuza. Sisi twaona kwamba wengi wao waliuza kwa haraka na kwa hesabu isiyotimia, na kwa hiyo twaomba nafasi katika gazeti letu hili tuseme tuyaonayo.

Jambo hili si la jana kwa watumishi wa nchi hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katika hesabu ya viongozi waliingizwa watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Karani mdogo hakuguswa, lakini aliyepanda cheo ilimpasa achague baina ya cheo chake na nyumba yake. Katazo hilo lilidumu hata mwaka 1991, lilipolegezwa kwa Azimio la Zanzibar. Basi aliyeingia kazini mwaka ule akiwa na miaka 25 atimiza 60 mwaka 2026. Hawa ndio wa kwanza tangu Azimio la Arusha walioweza kupanda vyeo na kupangisha katika utumishi wao wote bila kuficha jina. Nao wauza kana kwamba wangali wakifukuzwa.

Zamani mstaafu aliweza kusema, Mkupuo wangu watosha. Siku hizi hawezi kusema hivyo kwa wepesi. Mifuko yetu iliunganishwa mwaka 2018 ikawa PSSSF, na kwa kanuni ya mwaka 2022 mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33, ambapo wengi wetu tulikuwa tukitazamia asilimia 50. Ni kweli mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuwapandishia hao hata asilimia 40, nasi twashukuru. Lakini pengo li papo hapo, na mtu aliyeahidi nyumba ya bati jipya huko kwao aligeukia vyumba vyake vya mjini kuliziba.

Sasa tufanye hesabu bila kujipendelea. Tuchukue mfano wa nyumba yenye vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, na kila chumba kikilipiwa Sh. 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 3,600,000. Ondoa chumba kilichokaa kitupu, ondoa bati, choo kilichojaa wakati wa masika, na kodi ya jengo ikatwayo katika LUKU. Itakayosalia ni kama milioni tatu. Ikiwa mnunuzi atoa milioni 60, basi nyumba yazaa kama asilimia tano tu kwa mwaka. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilitolewa mwaka 2022 kwa riba ya zaidi ya asilimia 12. Kwa karatasi, basi, nyumba imeshindwa, tena imeshindwa vibaya.

Hatukuficha hesabu hiyo, kwa maana wenye kuuza hutuonyesha hiyo hiyo. Lakini yako mawili wanayoyasahau. La kwanza, milioni 60 ya hatifungani itarudi baada ya miaka 25 ikiwa ni milioni 60 ile ile. Sisi tuliokwisha kulipa Sh. 10,000 kwa chumba tulipoanza kazi twajua shilingi hufanya nini katika muda kama huo, na twajua kodi ya chumba nayo imefanya nini. La pili ni kubwa zaidi: wauzao hawanunui hatifungani. Katika wenzetu wote tuwajuao walioziuza nyumba zao, ni mmoja tu aliyefanya hivyo.

Huyo ni mama mmoja wa Temeke, mjane, karani wa miaka mingi. Mpangaji wake alikaa miezi saba bila kulipa, na kila mara alipokwenda kudai alirudi nyumbani presha imepanda. Watoto wake wako mbali. Akauza, akapeleka fedha yote katika hatifungani siku ile ile, na sasa alala usingizi. Sisi twasema alifanya vema kabisa.

Wa pili ni bwana mmoja aliyeuza nyumba yake ya Kinondoni amalizie nyumba kubwa kijijini. Nyumba ya kijijini ni nzuri, tumeiona. Ina vyumba ambavyo hakuna alalaye ndani yake. Lakini kila baada ya miezi mitatu hana budi kuja Dar es Salaam kwa tiba yake ya Muhimbili, naye hufikia Mbagala kwa mpwa wake, akitandikiwa sebuleni baada ya watoto kumaliza kutazama televisheni. Mnunuzi aliivunja nyumba ile akaweka ghorofa. Bwana huyu alituambia kwamba angaliuza tena angaliacha walau chumba kimoja, nasi hatukuwa na la kumjibu, maana nyumba haiuzwi ikabaki chumba.

Rai yetu, basi, ni kwamba nyumba ya kupangisha si mapumziko bali ni kazi ya pili, na asiuze mwenye nguvu za kuifanya kazi hiyo au mwenye mtoto mwaminifu wa kuifanya kwa niaba yake. Asiye na hayo mawili na auze, tena mapema, kabla ugonjwa haujampangia bei.

Lakini auzaye na afuate njia. Ikiwa jamaa yake wakaa humo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzi wake, na hata pasipo sheria twaona ni aibu mke kusikia habari hiyo kwa dalali. Kodi ya mauzo ni asilimia 10 ya faida. Na tangu mwaka 2023 asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ama ya thamani. Kwa hiyo risiti za saruji na nondo, wenzetu, msizifungie maandazi.

Mwenye rai iliyo kinyume cha hii na atuandikie kabla ya toleo lijalo, hasa wale waliouza na hawakujuta, kwani barua zao bado hatujazipata.