Farasi Akiongezewa Umbali, Wacha Kuangalia Muda wa Mwisho

Wasee, leo tuongee farasi. Mkenya hahitaji kufunzwa maana ya kasi. Tumekua tukiona mtu anatoka mbio kama ameiba, anaongoza raundi ya kwanza, halafu kengele ikilia anapitwa na kila mtu. Mbona basi tukifika kwa farasi tunasahau hayo yote na kuangalia muda wa mwisho tu?

Mimi naona muda wa mwisho unadanganya, na unadanganya zaidi farasi akiwa anajaribu umbali mrefu kwa mara ya kwanza.

Chukua mfano huu wa kujitungia. Farasi wawili wamekimbia mita 1600, na kila mmoja ametumia 1:37. Wa kwanza alimaliza nusu ya kwanza kwa sekunde 46, ya pili akajikokota kwa 51. Mwenzake alienda 48.5, kisha 48.5 tena. Kwa karatasi wanatoshana. Sasa waongezee mita 400. Mimi namchukua wa pili, kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameishiwa hata kabla ya kufika.

Na chunga kitu kimoja: muda wa vipande unaoandikwa huwa ni wa farasi anayeongoza. Kama wako alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 5, ongeza kama sekunde 1.

Mahali pa kuona haya live ni Kentucky Derby kule Marekani. Ni ya farasi wa miaka 3, karibu mita 2000, na karibu wote hawajawahi kukimbia umbali huo. Mwaka wa 2022 Summer Is Tomorrow alipita mita 400 za kwanza kwa sekunde 21.78, mwanzo wa kasi zaidi katika historia ya Derby. Alimaliza wa mwisho kati ya farasi 20. Aliyeshinda ni Rich Strike, ambaye bei yake ilikuwa 80 kwa 1, na mwanzoni alikuwa huko nyuma kabisa.

Sasa mcheki Secretariat, 1973. Kila mita 400 za Derby alizikimbia haraka kuliko zilizotangulia: 25.2, 24, 23.8, 23.4, 23. Aliyesoma vipande hivyo hakuogopa Belmont ya mita 2400 wiki tano baadaye. Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31. Sham, aliyekuwa wa pili kwa Derby, alijaribu kwenda naye mwanzoni na akamaliza wa mwisho.

Kuna mtu ataniambia mbio za mbele pia hushinda. Kweli kabisa. Mbio ndefu mara nyingi huanza polepole, na farasi wa mbele akikosa mtu wa kumsukuma anapumua, anatunza nguvu, na hamumshiki tena. Ndiyo maana kabla ya kumkataa mimi huuliza: nani mwingine hapa anataka kuongoza? Wakiwa watatu, watamalizana. Akiwa peke yake, heshimu.

Hiyo hesabu inafanya kazi kwa farasi mwenye mapafu. Na hapa ndipo wengi wetu tunaliwa. Wale farasi wa kuchorwa kwa kompyuta, wanaokimbia kila dakika chache kwa app za kubeti, hawachoki na hawana umbali mpya wa kujaribu. Mshindi anachaguliwa na programu kwa bahati nasibu. Mtu akikuuzia "fomu" ya hao kwa Telegram, anakuuzia hewa.

Kama hujafika miaka 18, kubeti si kwako, sheria iko wazi. Lakini kusoma mbio ni bure. Tembea Ngong Racecourse siku ya mbio ukiwa na saa ya simu. Pima nusu ya kwanza, pima ya pili, halafu ungoje uone yule farasi wako akiongezewa umbali atafanya nini.