Dada Zetu, Huo Si Utani

Mmezoea tukiwaandikia mapishi na mavazi kutoka huku Kighare, milima ya Upare, tulikoletwa na ndoa kutoka visiwani. Leo tuna neno la ulimi.

Siku ya Simba na Yanga kibanda umiza hujaa mpaka mlangoni. Utani huwa mwingi, nasi tumo. Timu ikifungwa, mashabiki wake wa kiume huambiwa wakavae magauni. Wakicheza wanawake, mwenye mbio na misuli huitwa jikedume, na anayemwita hivyo hudai kwamba anamsifu. Kisha sifa hugeuka swali: "Huyo kweli mwanamke? Si trans huyo?" Watu wote hucheka.

Hapo ndipo tunaposema hapana.

Swali hilo halikuzaliwa kibandani. Agosti 2021, Ikulu Dar es Salaam, Rais Samia mwenyewe alisema wapo wachezaji wa kike wenye vifua bapa ambao mtu anaweza kudhani ni wanaume. Barbra Banda wa Zambia alikosa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake la 2022 nchini Morocco kwa masharti ya vipimo vya jinsia. BBC ilipomtangaza mwanasoka bora wa kike mwaka 2024, matusi yalimwagika upya. Mwaka huohuo Imane Khelif wa Algeria alichukua dhahabu ya ngumi Paris huku nusu ya dunia ikimwita mwanamume.

Wanaowatetea husema upesi: "Hawa si trans, wamezaliwa wanawake." Ni kweli, na kuwasingizia ni dhulma. Lakini utetezi ukiishia hapo, tumekubali kwamba kuwa trans ni tusi, ila tu limempata asiye wake. Na yule ambaye ni lake kweli, aliyezaliwa akaitwa mvulana na leo anaishi kama mwanamke, au kinyume chake, yumo humohumo kibandani kimya, anasikia hali yake ikitumika kama kichekesho.

Wapo watakaosema huu ni utani tu. Utani tunaujua. Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa sababu leo unanicheka, kesho nakucheka. Mtani ni mwenye kujibu. Huyu akijibu, amejitaja, na kujitaja kunaweza kumkosesha kazi, nyumba, hata usalama wa njiani. Unayemcheka akiwa hawezi kukujibu si mtani wako, unamwonea.

Wengine watasema dini haikubali mambo hayo. Hukumu za kubadili mwili tunawaachia wanazuoni. Tunachojua ni kwamba fiqhi haikumficha hata khuntha, aliyezaliwa na maumbile ya pande mbili: ilimwekea fungu lake katika mirathi. Huyo na trans si hali moja, lakini kibandani wote huokota tusi lilelile. Na Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, tena imewataja wanawake waziwazi, isije mmoja wetu akadhani anasemwa mumewe. Haikusema tuwaheshimu tunaokubaliana nao tu.

Sisi wanawake wa pwani tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine. Shoga lilikuwa neno letu la mapenzi, mwanamke kwa rafiki yake. Wakalichukua, wakaligeuza tusi la kumtupia mwanamume barabarani, na leo ukimwita mwenzio shoga mbele za watu unaangalia kwanza nani anasikia. Neno huharibika hivyo, kicheko baada ya kicheko.

Basi tushangilie, dada zetu, hata sauti zikauke. Aliyefunga goli tumtaje kwa jina lake na kwa goli lake. Na jirani akiuliza yule ni nini chini ya jezi, tumwambie amekuja kutazama mpira.