Mkulima Harudishwi kwa Lori Tu



Baadhi yenu mwauliza, mambo ya wakulima wa bara yatuhusu nini sisi wa Kilindini? Yatuhusu sana. Agosti 1997 watu walikimbia Likoni, ng'ambo yetu hapa, wakaacha nyumba zao. Na Januari 2008, baada ya uchaguzi, barabara ya bara ilipofungwa na reli ikang'olewa Kibera, makasha yalilundikana bandarini. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakakimbia makwao, wengi wao wakulima wa Bonde la Ufa.

Tarehe 5 Mei 2008 Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Malori yakaletwa, watu wakaondolewa kambini. Kila jamaa iliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba 25,000. Wako waliozipata, wako wasiozipata. Lakini sisi twauliza jambo jingine: kwa nini Mei? Mahindi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili, mvua zikianza, na kuvunwa mwisho wa mwaka. Mtu ashushwaye shambani mwezi wa Mei, hana jembe wala mbegu, msimu umekwisha kumpita. Atakula nini mpaka mavuno ya mwaka wa pili? Zile elfu kumi zitaishia kwenye unga.

Na mbolea? Hiyo twaijua kwa harufu kabla meli haijafunga gati! Mwaka ule wa 2008 bei yake ilipanda dunia nzima. Mwenye elfu kumi angenunua mifuko ya kuhesabu kwa vidole.

Sheria ya wakimbizi wa ndani ya mwaka 2012 yasema kurudi kuwe kwa hiari na usalama, na mtu apate njia ya riziki. Maneno mazuri. Njia ya riziki ya mkulima ni mbegu, mbolea, jembe, na jirani asiyemtisha.

Wengi wetu tuna mama na ndugu huko, na hutuma tuwezacho. Lakini mshahara wa kuli si hazina ya Serikali. Twataka viongozi wetu wa chama walidai hili waziwazi: watu wakirudishwa tena makwao, warudishwe kabla ya mvua, na mbegu na mbolea zipakiwe katika lori lile lile limchukualo mwenye shamba.