Ala Nazo Zina Ulimi

Wapo wasemao, tena kwa majivuno, kwamba muziki usio na maneno hauwezi kumsimulia Mswahili hadithi. Mswahili, wadai, ni mtu wa neno: taarabu huisikiliza kwa ajili ya shairi, na katika vibanda vya video vya Manzese na Mbagala filamu za kigeni zilitakiwa msimulizi, hata Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, akajipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Basi kumpa mtu huyu filamu bubu na ala tupu ni kumwandalia sinia lisilo na chakula.

Hoja hiyo ina sura, haina mizizi. Mkazi wa Temeke akiusikia mdundiko wa Wazaramo kwa mbali, kabla hajaona mtu wala kushika neno la wimbo, hujua kuna mwali au arusi. Unguja, Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, hupiga bashraf isiyo na mwimbaji, na hadhira hutulia. Na mbiu ya mgambo ilimwambia nani kwa maneno? Ililia tu, watu wakajua lipo jambo.

Kazi ya muziki katika filamu bubu si kurudia yaonekanayo. Picha humwonyesha binti ameketi kituoni Mbagala Rangi Tatu, magari yanapita. Ni zeze litakalotuambia kama anangoja daladala au anamngoja asiyerudi. Mtunzi stadi humpa kila mhusika sauti yake, huibadili ajali yake inapobadilika, na hujua pa kunyamaza.

Watatoa udhuru kwamba wapigaji wa Tandika na Tandale hawasomi nota. Charlie Chaplin naye hakujua kuziandika. Hata hivyo muziki mwingi wa City Lights, filamu ya mwaka 1931, aliutunga mwenyewe: aliutoa kwa sauti, wajuzi wakauandika. Tena wakati huo filamu za mazungumzo zilikwisha kuenea. Yeye alikataa wahusika wake wazungumze, akaziamini ala.

Hapa ndipo penye lawama. Tangu filamu za Kibongo zishike soko, enzi ya Girlfriend ya mwaka 2003, si chache zilizovikwa muziki wa kuazima bila idhini, au kinanda kimoja kinacholia kwa kila msiba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikwisha kutungwa mwaka 1999, lakini uvivu hausomi sheria. Hasara ni mbili. Mpiga zeze na mpiga ngoma hukosa ujira mtaani kwao wenyewe. Na mtoto wa Tandika hukua akiamini kwamba huzuni ya mama yake haina sauti yake, sharti iazimwe ng'ambo.

Anayebisha na afanye jaribio jepesi. Na achukue filamu moja kati ya hizo, aizime sauti yote, kisha awaketishe mbele yake mpiga zeze mmoja na mpiga ngoma mmoja wa mtaa ule ule ilikopigwa picha. Awalipe kwanza. Kisha awaite majirani watazame, na mwishoni awaulize hadithi ilihusu nini. Wakishindwa kujibu, ndipo aseme kwamba ala ni bubu.