Harry Caul Hawezi Kuhamia Bahi

Wadau, leo nina ugomvi na ndugu zangu mnaosomea filamu.

Mwambie mwanafunzi wa filamu aandike mtu mwenye wasiwasi na kila kitu. Atakuletea Harry Caul! Yule mtaalamu wa kunasa sauti katika The Conversation ya Francis Ford Coppola (1974), aliyeigizwa na Gene Hackman. Mlango una makufuli kibao, simu anayo lakini anasema hana, na mwishowe anabomoa nyumba yake mwenyewe akitafuta kinasa sauti.

Mswada niliousoma juzi umempeleka Bahi, hapa Dodoma. Jamaa kajifungia chumbani, pazia chini, siku tatu haongei na mtu. Jamani, Bahi? Kabla siku ya kwanza haijaisha majirani wangeshapiga hodi kuuliza kama anaumwa.

Sisemi kuazima ni dhambi. Coppola naye alichota kwenye Blow-Up ya Antonioni (1966). Ila hakuishia kwenye mapambo. Caul anaogopa kwa sababu ya kazi yake: anayesikiliza siri za watu anajua ilivyo rahisi kusikilizwa. Tena kazi hiyo ilishasababisha watu watatu kuuawa. Nyie mmechukua makufuli, sababu mmeiacha.

Na sababu za kwetu zipo. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa huu huu, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na watu waliodhani ni mumiani. Gari lao likachomwa moto.

Mwoga wetu ndiye huyo. Hajajifungia. Yuko nje, katikati ya watu, na anaaminiwa. Caul akishuku anabomoa sakafu yake. Wa kwetu akishuku anaita kijiji kizima.

Basi mwandikeni. Mpeni jaruba la mpunga Bahi. Mleteeni wageni wenye gari, wanaochimba udongo bila kumweleza mtu wanautakia nini. Mtazamaji amwelewe, kisha aone damu ya wasio na hatia mikononi mwake. Kumwelewa si kumtetea.

Tukiendelea kuigiza woga wa San Francisco, huu uliokwisha kuua watu kwetu nani atausimulia?