Wananchi wa Kiboko, Tuziangalie Waifai Zetu

Ndugu zangu wa Kiboko, sisi ni watu wa barabarani. Lori linalotoka Mombasa linasimama, dereva anaagiza chai, na baada ya salamu anauliza, "Paswadi ya waifai ni gani?" Nasi tunampa. Ni haki yake, mgeni hanyimwi.

Lakini je, waifai hiyo ya mgeni ndiyo inayobeba hesabu za duka, kamera ya lango na printa ya ofisi? Ruta nyingi za siku hizi zinaweza kutoa waifai mbili: moja ya wageni, nyingine ya kazi. Naomba wiki hii uzitenganishe.

Utaanzia wapi? Geuza ruta usome kibandiko chake. Kina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Simu yako ikiwa kwenye waifai ya ruta hiyo, andika namba hizo kwenye kivinjari. Utaulizwa paswadi ya kuingilia kwenye mipangilio, na kwenye ruta nyingi za zamani ni neno "admin" tu. Hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza, maana inajulikana dunia nzima.

Kisha washa ile waifai ya wageni, uipe paswadi yake, halafu nenda sehemu ya usalama. Ukikuta aina iitwayo WEP, iache kabisa. Ilitoka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wameonyesha jinsi ya kuivunja. Chagua WPA3, iliyotangazwa 2018. Kifaa cha zamani kikiikataa, tumia WPA2 yenye AES. Zima pia njia ya kuunganisha kwa PIN ya WPS, ambayo udhaifu wake umejulikana tangu 2011.

Na paswadi ya waifai yenyewe? Herufi nane ndiyo idadi ya chini inayokubaliwa, lakini tusiishie hapo. Unganisha maneno manne ya Kikamba yasiyohusiana, utakumbuka bila shida. Usiweke jina la duka, wala namba ya till. Hiyo umeibandika mlangoni ili kila mteja aisome!

Sasa printa. Hapa ndipo wengi wetu hukata tamaa. Umebadilisha paswadi, simu zimeingia, printa imenyamaza. Haijaharibika, bado inashikilia paswadi ya zamani. Fungua menyu ya mtandao kwenye kile kiskrini kidogo, chagua jina la waifai ya kazi, kisha ingiza paswadi herufi moja moja kwa vitufe vya mishale. Angalia herufi kubwa na ndogo, na mistari ya kuunganisha maneno. Isipoliona jina, washa waifai ya 2.4 GHz kwenye ruta, kwani printa nyingi haziijui ile ya 5 GHz.

Mwalimu, printa yako hupitisha matokeo ya watoto wetu. Muuguzi, yako hupitisha majina ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tuzitunze taarifa hizo, nami najua mngezitunza hata bila sheria.

Nanyi vijana, mnaijua kazi hii kuliko sisi wazee. Je, Jumamosi mnaweza kumpitia mama mwenye duka jirani? Keti naye, mwonyeshe kila hatua. Mkifika kwenye paswadi, mpe simu aiandike mwenyewe, nawe ugeuke kando.