Unene wa akina mama usipuuzwe

Mnamo 2018, utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliitaja Uganda miongoni mwa mataifa yanayoongoza kwa watu kutumia viungo. Anayeijua Lumino, wilayani Busia, ng'ambo tu ya mpaka, hakushangaa. Huko akina mama hulima, huteka maji na kwenda sokoni kwa miguu.

Lakini sifa hizo zisitupumbaze. Utafiti wa serikali ya Uganda wa 2016 ulionyesha kuwa karibu mwanamke mmoja kati ya wanne alikuwa na uzani kupita kiasi. Hapa Kenya, ule wa 2022 ulipata asilimia 45 ya wenye umri wa miaka 20 hadi 49.

Naamini chanzo ni mabadiliko ya maisha. Mama anayeacha jembe akafungua duka hushinda ameketi, na jioni hupanda bodaboda. Bado tunamsifu kwamba amenawiri, ilhali kisukari na shinikizo la damu vinamnyemelea.

Wizara za Afya za nchi zote mbili zihakikishe kila mama anayefika zahanati, hata asiye mjamzito, anapimwa uzani na shinikizo la damu na kushauriwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.